Kuchagua mfarishi wa manyoya ya bata kwenye mitumba Mtwara

Kwa anayepanda miinuko ya Newala au Rondo kulala porini Juni na Julai, mfarishi wa manyoya hubebeka kuliko blanketi. Soma lebo kwanza: "down" ndiyo manyoya laini, "polyester" ni nyuzi za plastiki. Ikiwepo namba kama 550 au 800, hiyo ni nguvu ya kutuna. Ikiwa kubwa, uzito uleule unatuna zaidi.

Uliotoka kwenye robota umebanwa, usiuhukumu hapo hapo. Ukung'ute, subiri nusu saa, ndipo upime unene kwa rula. Kisha uinue kwenye mwanga: chumba (kimoja cha visanduku vilivyoshonwa kushika manyoya) kinachoangaza katikati na cheusi pembeni kimepungukiwa manyoya. Binya. Vijiti vinavyochoma ni manyoya magumu, ya bei rahisi. Mabonge ni unyevu au mafuta ya mwili, na hayo mara nyingi hufulika. Harufu ya ukungu je? Uache, hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Fua kwa sabuni isiyo kali, bila kusokota, ukaushe siku mbili tatu huku ukivunja mabonge kwa vidole. Kwa unyevu wetu wa pwani, uhifadhi ukiwa umelegea ndani ya mfuko wa kitambaa.