Jinsi ya Kulinganisha Ukatili wa Katuni na wa Filamu Iliyotokana Nayo

Anayetaka kuchambua katuni inayosimulia jamii iliyotawaliwa kwa mabavu, pamoja na filamu yake, asianze kwa kupima wingi wa damu. Aulize kwanza nani anaua, nani anakufa, na baada ya kifo tunaonyeshwa nini. Mfano mzuri ni V for Vendetta ya Alan Moore na mchoraji David Lloyd, iliyoanza kuchapishwa Uingereza mwaka 1982 na kuongozwa kama filamu na James McTeigue mwaka 2005.

Chagua tukio lililomo katika kazi zote mbili, kisha usome kurasa zake taratibu kabla ya kutazama filamu. Kulipuliwa kwa Bunge la Uingereza kunafaa sana. Katika katuni tukio hili liko mwanzoni kabisa, na kwa kuwa Lloyd aliamua kutoandika maneno ya kuigiza sauti, jengo linaporomoka kimya. Filamu imelipeleka mwisho, ikaliwekea muziki wa Tchaikovsky na umati wa watazamaji waliovaa vinyago. Kitendo ni kilekile, lakini kule kinaanzisha vurugu ambazo msomaji hajui zitaishia wapi, na huku kinahitimisha hadithi kwa shangwe.

Baada ya hapo fuatilia kifo cha mtawala. Katika katuni anapigwa risasi hadharani na Rose Almond, mjane wa afisa aliyeuawa na V, yule mwasi mwenye kinyago ambaye ndiye shujaa wa hadithi. Rose ni mwanamke aliyeachwa bila riziki hadi akalazimika kucheza jukwaani mbele ya wanaume. Filamu imemwondoa Rose kabisa, na mtawala anauawa chini ya ardhi na Creedy, mkuu wake wa polisi wa siri. Kwa maoni yangu hakuna badiliko lililoigharimu filamu zaidi ya hili, kwa sababu Rose ndiye aliyetuonyesha kwamba hata mauaji ya shujaa tunayemshangilia huacha wajane wenye njaa.

Angalia pia mwendo. Katika filamu, visu vya V vinapopita hewani polepole katika pambano lake la mwisho, simamisha picha na ujiulize kama jicho lako liko kwenye chuma au kwa wanaochomwa. Kwenye ukurasa, V anakufa kwa risasi za mpelelezi mmoja, Finch, bila mbwembwe yoyote.

Ukitaka kuhakiki hoja yako, ijaribu kwa Watchmen, katuni nyingine ya Moore, aliyoitengeneza na mchoraji Dave Gibbons. Sura ya mwisho inafunguka kwa kurasa 6 nzima za maiti katika mitaa ya New York. Filamu ya Zack Snyder ya mwaka 2009 inaonyesha mifupa ikivunjika katika pambano la uchochoroni zaidi kuliko katuni ilivyothubutu, lakini jiji linapoangamia watu wanayeyuka bila kuacha miili. Mambo hayo mawili yaandike pamoja, katika aya moja ya uchambuzi wako.