Kuruka Salama kutoka Songwe Wakati wa Joto na Mvua za Radi
Kiwanja cha ndege cha Songwe, Mbeya, kiko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwa hiyo mabawa huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili kuinua uzito uleule, na injini nayo hupungukiwa nguvu. Soma kipimajoto kabla ya kupakia, kwani joto la mchana huongeza umbali wa kukimbia kabla ya kupaa. Ikibidi, punguza mizigo au ondoka asubuhi, ukungu ukishatoweka. Ukiukaribia mgongo wa mlima, ukabili kwa pembe ya nyuzi 45, upate kugeuka upesi upepo ukikushusha. Wingu la radi lizunguke kwa kilomita 35 au zaidi, na tafadhali usipite chini yake kamwe.