Kocha Msaidizi wa Timu ya Chuo Kikuu: Namna ya Kusaka Wachezaji Wapya bila Kuwatelekeza Ulionao

Kocha msaidizi wa timu ya mpira wa miguu ya chuo kikuu hapa Uganda hudaiwa kazi mbili zinazogombania jioni zilezile: kuzunguka mashuleni akisaka vipaji, na kubaki uwanjani akiwanoa wachezaji waliokwisha kusajiliwa. Wengi wetu huielemea ile ya kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mshambuliaji mpya akifunga bao katika mechi yake ya kwanza, kila mtu huuliza ni nani aliyemleta, ilhali beki aliyefundishwa miezi minane namna ya kusimama vizuri hana anayemuulizia mwalimu wake.

Kabla ya kuandika jina la mchezaji yeyote, weka kalenda mbili mezani, ya shule na ya chuo. Wanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari hufanya mtihani wa UACE, ule wa kumaliza sekondari ya juu, mwezi Novemba hadi mwanzoni mwa Desemba, matokeo hutoka karibu na Februari au Machi, na vyuo vingi huwapokea wanafunzi wapya mwezi Agosti. Kwa hiyo kijana unayemtaka huwa nyumbani zaidi ya miezi saba, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ni muhula wa pili wa chuo, wakati timu yako iko mazoezini. Badala ya kuyaacha mazoezi ili kumfuata, mwalike aje ajifue na timu mara moja kwa wiki. Utamwona akipambana na watu wazima, wachezaji wako watapata mpinzani mpya wa kuwaamsha, na wewe hutakuwa umekosa hata kipindi kimoja. Safari za mashuleni ziachie mashindano ya shule, ambako kwa siku mbili utawaona vijana ambao ungehitaji mwezi mzima kuwafuata mmojammoja.

Ukifika huko, usikae upande wenye shangwe. Simama nyuma ya goli, chagua mchezaji mmoja, umfuate kwa dakika 15, awe na mpira au asiwe nao. Mimi hutazama sekunde tatu baada ya kupokonywa mpira: yupo anayemlalamikia mwamuzi, yupo anayeshika kiuno, na yupo ambaye tayari amegeuka kuufukuza. Mechi ikiisha, mwone kwanza mwalimu wa michezo, kisha mzazi, na mbele ya mzazi usianze na habari za mpira. Salimia, kaa, umwite mzee au mama kama inavyostahili, halafu uulize masomo ya kijana yanaendeleaje, kwa maana asipopata ufaulu mkuu (principal pass) katika angalau masomo mawili ya UACE njia ya kawaida ya kuingia shahada haimfungukii, hata angekuwa na miguu ya dhahabu.

Katika suala la ada, chunga ulimi wako. Kati ya nafasi 4,000 za ufadhili wa serikali zinazotolewa kila mwaka katika vyuo vya umma, 40 ndizo zilizotengwa kwa wanamichezo, nazo hugombewa na michezo yote. Nje ya ufadhili huo wa serikali, kinachobaki ni nafuu za ada ambazo chuo chenyewe huamua. Niliwahi kumhakikishia kijana mmoja wa Busia kwamba angesamehewa nusu ya ada, kwa kuitegemea kauli niliyoisikia kwenye korido. Agosti alipofika na begi lake hapakuwa na barua yoyote. Alilala wiki mbili kwa binamu yake Kireka, kisha akarudi kwao. Tangu siku hiyo sitaji kiasi chochote ambacho sijakiona katika karatasi iliyotiwa sahihi.

Kunoa wachezaji kunahitaji mpango mdogo unaotekelezeka kuliko mpango mkubwa wa kupendeza. Mwandikie kila mchezaji jambo moja tu kwa muhula, umpe dakika 20 kabla ya mazoezi ya timu. Nilikuwa na beki wa kushoto aliyepokea kila pasi akiwa ameupa uwanja mgongo, na kila mara winga wa wapinzani alimpora. Kwa wiki sita nilisimama nyuma yake nikiinua vidole huku mwenzake akimpigia pasi, na sharti lilikuwa moja: kabla mpira haujamfikia, atazame juu ya bega na kutaja idadi ya vidole. Wiki ya kwanza alikosea pasi kuliko alivyokosea hesabu, na wenzake walicheka sana. Kufikia wiki ya tano alikuwa akigeuka bila kuambiwa. Sikuhitaji tena kutafuta beki mpya, ingawa jina la mmoja lilikuwa tayari katika daftari langu.

Wanafunzi wa masomo ya jioni, ambao vipindi vyao huanza saa kumi na moja, wapangie alfajiri. Ukiwasubiri jioni utawanoa kwa simu. Na wiki za mitihani punguza mazoezi yawe ya kunyoosha viungo tu, kwa sababu anayerudia masomo mawili akili yake haiko uwanjani.

Huko Marekani, katika kandanda yao ile ya kubeba mpira mikononi, chama cha michezo ya vyuo, NCAA, huwawekea wachezaji kikomo cha saa 20 za shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu, tena hutenga vipindi ambavyo kocha haruhusiwi kukutana ana kwa ana na anayesajiliwa. Sisi hatuna wa kutufungia mlango namna hiyo, kwa hiyo ujifungie mwenyewe. Mimi sitoki kusaka mtu siku tatu kabla ya mechi, na kila Ijumaa jioni huhesabu saa zangu: saa moja ya usajili kwa kila saa nne za uwanjani. Hesabu ikipinda wiki mbili mfululizo, ninamweleza kocha mkuu ili tugawane safari.

Agosti kijana anapowasili, mkabidhi kwa mchezaji wa mwaka wa pili anayecheza nafasi ileile, na umfungulie ukurasa wake katika daftari la wachezaji. Jina lake katika orodha ya watu wa kusakwa lifute siku hiyohiyo, kisha mpeleke mwenyewe hadi ofisi ya usajili wa wanafunzi, maana asiye na namba ya mwanafunzi hachezi.