Kabla hujalipia kozi ya Kikorea

Mtoto wa dada yangu alinijia Mkuyuni Jumapili moja, simu mkononi, matangazo matatu ya kozi ameshayafungua. "Shikamoo mjomba. Nichagulie." La kwanza lilimwahidi Kikorea chote kwa miezi mitatu. La pili lilikuwa na picha ya cheti chenye muhuri wa dhahabu. La tatu lilisema ukimaliza tu, kazi ya kiwandani Korea inakusubiri. Nikamwitikia marahaba, nikamwambia akae, chai ipo, na hiyo simu aifunike kwanza. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomweleza siku ile, pamoja na machache niliyoyakumbuka akiwa ameshapanda daladala ya Buhongwa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kikorea nilikiokota bandari ya Mwanza South, kwenye ujenzi wa MV Mwanza, ile meli ya abiria 1,200 na mizigo tani 400 ambayo Wakorea waliijenga pale pamoja na vijana wetu. Neno langu la kwanza lilikuwa "ppalli ppalli", yaani haraka haraka, na hilo nililipata bure maana lilisemwa kutwa nzima. La pili lilinigharimu aibu. Cheche zilidondokea gunia chini ya ngazi, likaanza kufuka moshi. Msimamizi alikuwa amenipa mgongo, nikapaza sauti: "Ppul! Ppul!" Mzee wa watu akageuka, akanitazama, akatazama juu, akanitazama tena. Nilikuwa nampigia kelele "Pembe! Pembe!" Moto ni "bul" (불). Ukitoa pumzi nyingi, "pul" (풀), umesema nyasi. Ukikaza koo, "ppul" (뿔), umesema pembe. Gunia lilizimwa kwa ndoo ya maji na kibarua mmoja wa Igogo ambaye Kikorea hakukijua hata salamu.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kozi yoyote si bei. Nauliza: humu ndani nani atanisikia nikisema?

Kikorea kina sauti zinazokwenda tatu tatu namna hiyo, k tatu, t tatu, p tatu, na sikio letu huku bara linazipokea zote kama moja. Watu wa pwani wana nafuu kidogo. Mzee wa Mombasa anakutofautishia paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi tu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumekua na paa moja. (Upande wa pili tuna unafuu wetu. Herufi ㄹ ni moja tu kwa r na l: katikati ya irabu inasikika kama r, mwishoni mwa silabi inakuwa l. Msukuma anayetaniwa kila siku kwa kula na kura, hapo atapumzika.) Sauti hizi huwezi kujisahihisha mwenyewe, kwa sababu kosa lenyewe hulisikii. Anatakiwa mtu.

Basi, kabla ya kutoa hela, omba somo moja la majaribio. Sema bul, pul na ppul kwa kuzichanganya, mara kumi, na mwalimu aandike alichosikia kila mara. Kisha mgeuzane: aseme yeye, uandike wewe. Mwalimu anayejua kazi yake atakukatalia mara nyingi, pengine atakuambia uweke kiganja mbele ya mdomo upime pumzi, au karatasi, uone inavyotikisika kwa pul na kutulia kwa ppul. Akikusifia zote kumi, mshukuru uondoke. Kozi yangu ya kwanza, ambayo sitaitaja, niliilipia Sh 120,000. Ilikuwa video sitini na kundi la WhatsApp la watu zaidi ya mia mbili. Ukituma sauti yako, mwalimu anajibu kwa kidole gumba. Nilimaliza, nikapewa cheti, nikaenda nacho bandarini kifua mbele. Mkorea wa kwanza niliyemsalimia alinijibu kwa Kiingereza.

Video si mbaya kwa kila kitu. Kwa herufi zinatosha kabisa. Hanguli, yaani mwandiko wa Kikorea, ina herufi za msingi 24, konsonanti 14 na irabu 10. Mfalme Sejong aliikamilisha mwaka 1443 na kuitangaza 1446 ili mtu wa kawaida aweze kusoma, na baadhi ya herufi zimechorwa kufuata kinywa chenyewe: ㅁ ni mdomo, ㄴ ni ulimi unapogusa nyuma ya meno. Wiki moja ya jioni, daftari la mistari, umemaliza. Kwa hiyo usilipe mwezi mzima wa "utangulizi wa herufi". Na ukiona wiki ya tatu kozi bado inakuandikia Kikorea kwa herufi zetu za a e i o u, shtuka. Irabu zetu tano zinaingia vizuri, lakini ㅓ na ㅡ hazina pa kukaa. Angalia jina la Seoul tu: tunalisoma vipande vitatu, se-o-ul, wakati wenyewe wana viwili.

Sasa hii miezi mitatu. Kwenye vituo vya lugha vya vyuo vikuu vya Korea, utaratibu uliozoeleka ni ngazi sita, kila ngazi wiki kumi na saa 200 hivi: saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki. Tangazo la mpwa wangu lilikuwa na vipindi viwili vya saa moja kwa wiki. Tukapiga hesabu kwa kalamu: wiki kumi na mbili ni saa 24. Mwanafunzi wa kule anazimaliza saa hizo kwa wiki moja na siku moja. Ngazi ya kwanza peke yake, kwa mwendo ule wa saa mbili, ingemchukua karibu miaka miwili. Sisemi asijifunze taratibu. Nasema kozi iseme ukweli: itakufikisha ngazi gani, kwa saa ngapi.

Cheti cha muhuri wa dhahabu tulikipita haraka. Kinachoulizwa na vyuo na waajiri ni mtihani wa Kikorea uitwao TOPIK, unaosimamiwa na serikali ya Korea. TOPIK I ni ya ngazi ya 1 na 2: ukiufanya kwa karatasi, maswali 70, dakika 100, alama 80 kati ya 200 zinakupa ngazi ya 1 na 140 ngazi ya 2. TOPIK II ni ngazi ya 3 hadi ya 6. Matokeo yanatumika miaka miwili, kwa hiyo usikimbilie kuufanya kabla hujawa na pa kuyapeleka. Na hapa pana mtego: TOPIK I ni kusikiliza na kusoma tu. Hakuna kuandika insha, hakuna kuongea. Kozi inaweza kukufaulisha vizuri kabisa na bado ukasimama kwenye ngazi unalilia pembe.

Mpwa wangu anataka ufadhili wa serikali ya Korea, ule wa GKS. Kawaida mwenye kuupata huanza na mwaka mmoja wa lugha kulekule, kisha anatakiwa afikie ngazi ya 3 ya TOPIK ndipo aendelee na shahada. Mtu wa namna hiyo hahitaji kozi kubwa ya hapa. Anahitaji msingi safi, asipoteze miezi ya kule kunyoosha alichokipinda hapa. Anayetaka tamthilia zake bila maandishi ya chini, huyo achukue hata ya bure. Taasisi ya King Sejong inayo masomo ya mtandaoni, aanzie hapo.

Tangazo la kazi ya kiwandani ndilo lililonikasirisha. Mpango wa Korea wa kuajiri wafanyakazi wa kigeni viwandani, ulioanza 2004, unakwenda kwa makubaliano kati ya serikali na serikali, na nchi zinazopeleka watu ni za Asia. Hauuzwi na mwenye kozi. Mtu akikuambia malipo yako ya darasa yana kazi ndani yake, uliza Ubalozi wa Korea pale Dar es Salaam kabla hujagusa namba ya siri.

Ratiba nayo itazame vizuri. Korea iko mbele yetu kwa saa sita, mwaka mzima. Mwalimu wangu wa pili alikuwa Busan. Aliniandikia tukutane saa 7 jioni, nikakaa mbele ya simu saa moja usiku, nimeoga, nimenunua bando, kimya. Kwake ilikuwa saa saba za usiku, amelala. Baadaye ndipo nikaona jambo la kuchekesha: saa yetu ya Kiswahili na saa ya Korea zinasoma namba ileile. Akiandika 7 ya jioni kwake, kwangu ni saa saba mchana. Akiandika 3 ya usiku wa manane, kwangu ni saa tatu usiku. Hakuna hesabu. Tatizo lipo kwenye simu tu, inayoandika 13:00. Lakini fikiria maana yake: ukiwa kazini mchana, mwalimu aliyeko Korea hakufai, labda wa Jumamosi. Utafute aliye ukanda wetu.

Mwisho uliza wanafundisha lugha ya nani kumwambia nani. Kikorea kina adabu kama shikamoo, ila kwao imeingia hadi kwenye mkia wa kitenzi. "Annyeong" ya kwenye tamthilia ukimpa mzee ni kama umemwambia mambo vipi. Mwalimu akianza na "annyeonghaseyo" na miisho ya "-yo", uko salama kwa mtu yeyote. Ya kishkaji itakuja yenyewe.

Tulipomaliza chai yale matangazo yote matatu yalikuwa yameshafutwa. Wiki iliyofuata alipata mwalimu Mtanzania aliyesoma Korea, watu watano darasani, somo la kwanza la majaribio. Jioni akanitumia ujumbe, amenuna: "Mjomba, huyu amenikatalia ppul mara nane."

Nikamjibu: lipia.