Somo: MRI ya moyo baada ya mshtuko wa moyo, na namna ya kutofautisha misuli iliyokufa na iliyosinzia

Ndugu wanachama wa Mtwara na Lindi, katika kazi yangu ya mionzi nimewaona wagonjwa wengi wakirudi nyumbani na karatasi yenye namba moja, EF, wakiishika kana kwamba ni hukumu. Namba hiyo hueleza ni asilimia ngapi ya damu iliyojaa moyoni inayosukumwa nje kwa kila pigo, lakini haielezi kama sehemu isiyosukuma imekufa au imesinzia tu kwa kukosa damu ya kutosha. Mkulima wa korosho akiona tawi limepukutika hakimbilii panga, bali hukwangua gome kwanza aone kama ndani pana ubichi. MRI ya moyo, yaani picha za moyo zinazopigwa kwa mashine ya sumaku, ndiyo inayokwangua gome hilo.

Hatua ya kwanza ni kuchagua wakati. Eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, hutangulia kwa kila mgonjwa, na kwa wengi hutosha. MRI huombwa pale eko isipoonyesha vizuri, au pale madaktari wanapotaka kujua kama kuzibua mshipa wa moyo ulioziba kutaleta faida. Ikifanyika ndani ya wiki ya kwanza, misuli huwa bado imevimba na mingine imepigwa na butwaa, kwa hiyo kovu huonekana kubwa kuliko lilivyo na EF huonekana ndogo. Ndiyo maana uamuzi wa kuweka kifaa cha kushtua moyo kwa mwenye EF ya asilimia 35 au chini yake husubiri angalau siku 40 za matibabu.

Hatua ya pili ni maandalizi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 na mgonjwa wa moyo hapaswi kuzisafiri bure. Kama rufaa inakupeleka huko, daktari wako aulize kwanza kama mashine husika inapiga picha za moyo, si kichwa na mgongo peke yake. Pima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, hapa hapa kabla ya safari, maana figo zilizodhoofika sana hubadili uamuzi wa kutumia gadolini, dawa ya sindano inayofanya kovu lionekane kwenye picha. Beba kadi ya stenti (kijibomba cha wavu kinachowekwa kuufungua mshipa) kama unayo, karatasi ya kuruhusiwa hospitali na majibu ya eko.

Hatua ya tatu ni kipimo chenyewe. Mashine hutumia sumaku na mawimbi ya redio, haitumii eksirei. Utabandikwa kifuani vipande vya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ili picha zifuate mapigo, utapewa vizibo vya masikio kwa sababu ya kelele, na utalala humo kwa dakika 45 hadi 60. Utaambiwa utoe pumzi na kuizuia kwa sekunde 10 hadi 15, mara nyingi. Jizoezeni nyumbani, hasa wazee wetu, kwa sababu kifua kikitikisika picha hufifia na hesabu zote huyumba.

Hatua ya nne ni hesabu. Chumba kikubwa cha kushoto hukatwa kwa picha katika vipande vyembamba kuanzia juu hadi nchani, kisha ujazo wake hupimwa kikiwa kimejaa na kikiwa kimekamua. Kikijaa mililita 160 na kubakiza 96, kimetoa 64, yaani EF ya asilimia 40. Moyo wenye afya kwa kawaida hutoa asilimia 55 au zaidi.

Hatua ya tano ndiyo moyo wa somo hili. Dawa ya gadolini huingizwa kwenye mshipa wa mkono, kisha husubiriwa dakika 10 au zaidi. Katika misuli hai dawa hupita na kuondoka upesi. Katika kovu, ambako seli zimekufa na nafasi kati yake imepanuka, hukawia, na mahali hapo hung'aa kwa weupe. Kovu la mshtuko wa moyo huanzia upande wa ndani wa ukuta na kuenea kuelekea nje, likifuata eneo la mshipa ulioziba. Likichukua chini ya robo ya unene wa ukuta, matumaini ya misuli kuamka baada ya mshipa kuzibuliwa ni makubwa. Likizidi nusu, ni madogo. Picha hizo hizo huweza kufichua bonge la damu ndani ya chumba ambalo eko haikuliona, na bonge hilo huhitaji dawa ya kuzuia kuganda kwa damu mapema, kabla halijaenda kuleta kiharusi.

Ukipewa majibu, usiulize EF peke yake. Uliza kovu limechukua kiasi gani cha unene wa ukuta, na kama kuna bonge.

Maswali ya wanachama

Swali, Nachingwea: Shikamoo. Baba yangu ana stenti mbili. Je, sumaku haitazivuta?
Jibu: Marahaba, mwanangu. Stenti za mishipa ya moyo zinazotumika sasa hazizuii MRI. Kinachohitaji uchunguzi wa kina ni betri ya moyo, yaani kifaa kinachoongoza mapigo, kwa kuwa baadhi huruhusiwa na baadhi haziruhusiwi.

Swali, Newala: Eko ilinipa 40, MRI ikanipa 34. Je, moyo wangu umeharibika zaidi?
Jibu: Si lazima, dada yangu. Eko hukadiria ujazo kwa picha chache, MRI hupima chumba kizima, na vipimo hivi viwili mara nyingi hupishana. Linganisha MRI na MRI, eko na eko. Hata hivyo 34 iko chini ya mpaka wa 35, kwa hiyo mwulize daktari wako kuhusu kifaa cha kushtua moyo, na usiache dawa ukisubiri jibu.

Swali, Kilwa Masoko: Nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwa miaka mingi. Je, kuna shida?
Jibu: Inaweza kuwepo, kaka. Chembe ya chuma iliyobaki jichoni inaweza kusogea kwenye sumaku na kukuharibia jicho. Mweleze daktari kabla hajaandika rufaa, akupeleke ukapigwe eksirei ya macho karibu na nyumbani, na majibu yake uyabebe pamoja na yale ya kreatinini.