Namna ya Kulisomesha "Mamba" la Abdilatif Abdalla

Walimu wenzangu wengi hulimaliza shairi hili kwa dakika tano: "Mamba ni mtawala dhalimu, andikeni." Mimi nalisomesha hapa Pwani, na nawaomba tusilifanyie hivyo.

Anza kwa sauti, bila maelezo. Soma beti zote mwenyewe. Kila ubeti una mishororo mitatu, na kila mshororo una kipande cha mizani 4 kisha cha mizani 8. Sita kidogo baada ya kile kifupi, maana ndicho kinachogonga. Kisha wasome wao kwa zamu. Maneno ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, yakiwatatiza watauliza. Wajibu kwa ufupi, msonge mbele.

Ndipo uwape habari za mtunzi. Alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968, wagombea wa KPU, chama cha upinzani cha Oginga Odinga, walikataliwa karatasi zao katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Abdilatif, kijana wa miaka 22, akaandika waraka "Kenya: Twendapi?" Serikali ya Jomo Kenyatta ikamshtaki kwa uchochezi. Alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, katika magereza ya Kamiti na Shimo la Tewa. Mashairi ya *Sauti ya Dhiki*, diwani yenye "Mamba", aliyatungia humo, akiyaandika kwenye karatasi za chooni.

Hapo simamisha somo. Mkatie kila mwanafunzi kipande cha karatasi ya chooni, mpe na penseli, aandike ubeti mmoja wa "Mamba" kwa kichwa. Akikandamiza, karatasi inachanika; akilegeza mkono, hakisomeki kitu. Atakayekwama katikati, mwambie atafute kina, na neno litamjia. Kazi hii ipe muda wa kutosha hata kama mtihani umekaribia. Mimi naithamini kuliko maswali yote ya ufahamu.

Sasa ingieni kwenye fumbo. Mtunzi mwenyewe anatangaza mapema kwamba atafumba, wafumbue wawezao. Kwa hiyo usiwafumbulie. Waulize: mamba huyu anajivunia nini? Anadhani ataishi mpaka lini? Anakumbushwa nini kuhusu nguvu zake? Wakimtaja Kenyatta, wakubalie, halafu waulize kama shairi lingekufa naye. Darasa langu halijawahi kukubaliana, na mimi siwaamulii.

Habari ya tuzo iweke mwisho kabisa: kitabu kilichapishwa mwaka 1973, na mwaka 1974 kikapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta. Ukiitaja mapema, watajadili tuzo na kulisahau shairi.

Kazi ya nyumbani: beti tatu za fumbo, mizani 4 na 8, juu ya jambo wanaloogopa kulisema waziwazi. Usiwalazimishe kuzisoma mbele ya wenzao, na ukishazisahihisha warudishie wenyewe mkononi.