Kukaanga kahawa ya Mbozi nyumbani: yanayotokea ndani ya punje

Punje za kahawa ya Mbozi, wilaya ya mkoa wa Songwe, Tanzania, hata zikiwa zimekauka na kukobolewa, hubaki na maji yapatayo asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake, na ndiyo sababu dakika za mwanzo za kukaanga hutoa harufu ya nyasi tu: joto jingi linatumika kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Pima robo kilo, imwage katika kikaango kizito kilichokwisha kupata moto juu ya mkaa ulioshika vizuri, na usiache kugeuza kwa mwiko, kwa maana punje inayolala huungua upande mmoja ilhali moyo wake ungali mbichi.

Joto la punje likipita nyuzi 150 hivi za Selsiasi, sukari na asidi amino (vijenzi vya protini) huungana, rangi ikawa hudhurungi na harufu ikafanana na ya mkate unaookwa. Asidi za klorojeniki, zilizomo kiasili katika kahawa mbichi, nazo huvunjika na kuacha asidi ya kafeiki, ambayo joto likizidi huachia hewa ya ukaa kutoka kwenye molekuli yake. Kinachosalia huungana chenyewe kwa chenyewe, na huo ndio uchungu mkali wa kahawa iliyokaangwa kupita kiasi. Hewa ya ukaa na mvuke hubanwa ndani ya punje mpaka, karibu na nyuzi 196, zipasuke kwa mlio kama wa bisi.

Hapa ndipo wengi huharibu. Punguza mkaa kabla ya mlio huo, si baada yake, kwa kuwa wakati huo menyuko (mabadiliko ya kikemia) ndani ya punje zimeanza kutoa joto zenyewe. Mimi huepua dakika moja au mbili baadaye. Mlio wa pili, mwembamba zaidi, ukisikika karibu na nyuzi 224, ladha ya Mbozi imekwisha kuwa moshi.

Mimina kwenye ungo na upepete nje, makapi yaruke na punje zipoe upesi. Robo kilo itakuwa imebaki gramu 210 hivi. Usiifungie siku hiyohiyo, kwa kuwa bado inatoa hewa ya ukaa: mfuko niliowahi kuufunga jioni niliukuta asubuhi umetuna kama puto. Iache siku mbili.

Ukifika wakati wa kuiandaa kahawa hiyo ikiwa imesagwa: Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu, kwa hiyo hapana haja ya kuyasubiri yapoe; yamimine juu yake yakiwa yanatokota.